Nilikimbia miwani, nusura jicho liende!

MPENZI msomaji, leo sisemi habari za jirani wala za msanii fulani. Leo nasema habari zangu mwenyewe, tena za aibu. Kama wewe ni kijana wa mjini unayevaa zile lenzi za machoni, au unazitolea macho dukani huku ukisubiri mshahara, basi weka chai yako pembeni usome mpaka mwisho. Mwenzako yalinikuta.

Mimi sioni mbali. Ukinivua miwani, mtu akisimama ng'ambo ya barabara siwezi kujua kama ni baba yangu au ni mdai wangu. Miwani nimeanza kuvaa nikiwa kidato cha pili, hapo hapo Tabora nilikozaliwa, na siku niliyoingia nayo darasani ndiyo siku niliyopoteza jina. Tangu hapo nikawa Macho Manne. Nikipita chini ya ile miembe mizee ya mjini kwetu, wavulana wanaimba Macho Manne. Nikienda dukani kununua sukari, mwenye duka naye Macho Manne. Unacheka na wenzako, lakini moyoni unasema ipo siku.

Siku yenyewe ikaja nilipopata kazi Dar es Salaam. Shosti mmoja wa ofisini alikuja asubuhi moja macho yake yamebadilika rangi, anapepesa kama mwanasesere. Nikamuuliza, akanipeleka kwenye duka moja la vipodozi. Muuzaji hakunipima kitu. Aliniuliza namba ya miwani, nikamtajia niliyoikumbuka kichwani. Akanionyesha rangi, nikachagua ya asali. Si mimi mtoto wa Tabora? Akanifungia lenzi zangu, kikasha cha kuhifadhia na kachupa kadogo ka dawa ya kuoshea. Nilipouliza ikiisha nifanyeje, akajibu bila hata kuinua kichwa, "Dada, maji ya chumvi yanatosha."

Basi bwana, nikawa mtu mwingine. Miwani nikaitupia kwenye kabati. Mtaani nikawa natembea shingo juu, naona mpaka bango la mbali, na hakuna aliyekuwa akijua kwamba chini ya ile rangi ya asali amejificha Macho Manne.

Agosti 2022 mdogo wangu akawa anaolewa Tabora. Nikasema hapa hapa! Narudi nyumbani watu wanione. Nikapanda treni ya reli ya kati, ile ile ya zamani, maana ile ya umeme ya kwenda Dodoma ilikuwa bado. Ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Miwani? Niliiacha Dar makusudi. Hapo ndipo nilipokosea kosa la kwanza, na makosa yana tabia ya kusafiri kwa kundi.

Aliyewahi kusafiri na treni ile mwezi wa nane anajua. Ukifika Ugogoni vumbi linaingia dirishani kama lina tiketi yake. Usiku wa kwanza nililala na lenzi machoni, kwa sababu behewa lilikuwa giza na nilihofia zikianguka sitaziona tena. Mchana tulipofika Saranda nikanunua kuku, maana kupita Saranda bila kula kuku ni dhambi. Nikiwa katikati ya paja jicho la kulia likawasha. Nikajifuta mkono kwenye kanga, nikaitoa lenzi kwa vidole vile vile, nikaiweka mdomoni kuisafisha kwa mate, nikairudisha jichoni. Usicheke. Ndivyo nilivyofanya.

Tulishuka Tabora usiku. Kufungua kachupa ka dawa, hakuna kitu! Nikakumbuka fundisho la muuzaji. Nikachukua maji ya bomba yaliyochemshwa, nikatia chumvi ya mezani, nikalaza lenzi zangu humo. Kesho yake Alhamisi ilikuwa kicheni pati. Nikapaka wanja, nikapaka poda, halafu ndiyo nikavaa lenzi. Nikacheza ngoma mpaka usiku. Jicho lilikuwa jekundu, nikasema ni moshi wa jikoni tu.

Ijumaa alfajiri niliamshwa na maumivu. Msomaji, usiombe. Ilikuwa kama mtu ananisugua jicho kwa mchanga kutoka ndani. Mwanga wa dirishani ulikuwa unanichoma. Machozi na usaha vinatoka, kope zimevimba. Nilipojitazama kwenye kioo kwa jicho lililobaki, nikaona kijialama cheupe juu ya jicho la kulia, kama punje ya chumvi.

Nyumba yenye harusi haikosi waganga. Shangazi alisema nioshwe kwa chai ya rangi. Mama mdogo akasema dawa ya uhakika ni maziwa ya mama anyonyeshaye, na tayari jirani alikwishaitwa na mtoto wake mgongoni. Mwingine akatoka nje kutafuta majani. Mimi nilikuwa nimejilaza kitandani, ningekubali hata wangenitia pilipili ili mradi maumivu yaishe.

Ndipo bibi akaingia.

Niwaambie kidogo habari za bibi yangu. Bibi ni chongo. Jicho lake la kushoto ni jeupe tangu nimfahamu, na sisi wajukuu tulikua hivyo, hatukuwahi kuuliza. Mtu mzima haulizwi jicho lake limekwenda wapi. Ila kwa utani bibi hana mpinzani, sisi wajukuu wa kike wote anatuita wake wenza. Siku ile hakuleta utani. Aliniangalia, akageuka akawaambia wote, "Tokeni na maji yenu na majani yenu. Hapa haingii kitu."

Akakaa kitandani akaniambia, "Mke mwenzangu, mimi jicho hili sikuzaliwa nalo hivi. Nilikuwa mtoto wa kutosha kuteka maji. Surua iliingia kijijini kwetu, upande wa Sikonge. Jicho likawa jekundu kama lako. Watu walionipenda, mama yangu mzazi na shangazi zangu, wakanikamulia majani. Nililia siku tatu. Siku ya nne likaacha kuuma, nikafurahi. Kumbe limekufa."

Mpaka leo nikikumbuka neno lile mwili unasisimka. Miaka yote ile nilikuwa naona haya ya miwani mbele ya mwanamke aliyebakiwa na jicho moja.

Baadaye nimejifunza kwamba hadithi ya bibi ni hadithi ya watoto wengi wa Afrika wa wakati ule. Surua inapomkuta mtoto aliyepungukiwa vitamini A, halafu jicho likatiwa dawa za majani, kioo cha mbele cha jicho huoza haraka. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A vimewaokoa wengi. Bibi yeye alizaliwa mapema mno.

Tulikwenda hospitali kwa bodaboda, mimi nimejifunika kanga kichwani kama mwali. Daktari wa macho alinitia tone la dawa ya rangi ya machungwa, akazima taa ya chumba, akawasha taa ya bluu. Akaita muuguzi aje aone. Kidonda changu kilikuwa kinang'aa rangi ya kijani, pembeni kidogo ya mboni.

"Lenzi?" akauliza. Nikaitika. "Ulilala nazo?" Nikaitika. "Uliziosha kwa nini?" Nikanyamaza. Kumbe daktari mwenyewe ni Mzaramo, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Akatikisa kichwa akasema, "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani kwetu, mizigo ikafika salama. Wewe umepewa vijiplastiki viwili tu ubebe, vimekushinda?" Nililia na kucheka kwa wakati mmoja.

Dawa niliyopewa ilikuwa matone ya kuua bakteria, na masharti yake ni makali: tone moja kila saa, usiku na mchana, bila kuruka. Akanionya kwamba kidonda kikisogea katikati ya mboni, nitapelekwa hospitali kubwa, na hapo haahidi kitu.

Jumamosi mdogo wangu aliolewa. Mimi nilikuwa chumbani, mapazia yamefungwa, nasikia matarumbeta yakipita barabarani. Bibi alikataa kwenda kanisani. Alikaa na mimi na redio yake ndogo, akisikia taarifa ya saa anajua muda umefika, ananifungua kope na kunitia tone. Usiku redio akaiweka karibu na sikio, sauti ndogo, akawa ananiamsha kila saa mpaka jua likachomoza. Kikongwe wa jicho moja ndiye aliyelilinda la kwangu. Kwenye picha za harusi ya mdogo wangu sisi wawili hatumo.

Jicho lilipona, nashukuru Mungu. Limebaki kovu dogo pembeni, na usiku taa za magari zinatawanyika kama nyota. Daktari aliniambia ningechelewa siku mbili tatu zaidi, hadithi ingekuwa nyingine.

Nikiwa nyumbani kuugulia nilianza kusoma habari za macho na habari za mji wetu, nikakuta zimekutana. Tabora ya zamani watu wa misafara waliiita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani, wakafika Kazeh mwezi Novemba. Wakaendelea magharibi, na Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Unajua Speke aliona nini? Karibu hakuona kitu! Alikuwa anaugua macho, ziwa lote lile mbele yake likawa kama ukungu. Hebu fikiria, miezi minane njiani, unafika, huoni.

Waliporudi Kazeh, Burton alikuwa mgonjwa, Speke akaondoka na msafara mdogo kuelekea kaskazini. Macho bado mabovu, akavaa miwani ya vioo vya kijivu kukinga jua. Wacha wee! Kila kijiji watu wanamkimbilia, wanainama kuchungulia chini ya kofia yake waone yale macho mawili mawili. Usumbufu ulipozidi akaivua miwani akaitia mfukoni, akafumba macho, akaacha punda avutwe. Tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa kubwa ambalo wenyeji walikuwa wakivua samaki wake miaka yote, akaliita Victoria.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe Macho Manne wa kwanza kuzomewa njia ya Tabora si mimi! Na yeye kama mimi aliivua kwa sababu ya watu. Ila Speke alikuwa na udhuru, mwaka 1858 lenzi hazikuwapo. Daktari Adolf Fick wa Zurich alizieleza za kwake za kioo mwaka 1888, nzito kweli kweli, mtu hawezi kukaa nazo siku nzima. Lenzi laini tunazovaa leo tunamshukuru Otto Wichterle wa Chekoslovakia, aliyezitengeneza nyumbani kwake Krismasi ya 1961 kwa mashine aliyoiunga kutokana na vyuma vya kuchezea watoto. Kifaa chenyewe hakina ubaya wowote. Ubaya ulikuwa mikononi mwangu.

Sasa tuje kwenye yale niliyofundishwa, maana sitaki nikulizie tu bure. Mbele ya jicho kuna kioo hai kiitwacho konea. Konea haina mishipa ya damu, hewa yake inaipata kutoka nje kupitia machozi. Ukiifunika kwa lenzi, hewa inapungua. Ukilala nayo umefunga na kope juu yake, na machozi hayasafishi tena, hivyo mdudu anapata joto, unyevu na muda. Wataalamu wa Marekani wanasema kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizi kwa mara 6 hadi 8. Basi sheria ya kwanza ni hiyo, usilale nazo hata usingizi wa daladala.

Pili, mikono. Nawa kwa sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, halafu ndipo uguse lenzi. Kanga iliyofuta mafuta ya kuku haihesabiwi.

Tatu, maji na lenzi ni maadui. Maji ya bomba, ya kisima, ya tangi la mvua, ya bwawa la kuogelea, yote yanaweza kuwa na mdudu aitwaye Acanthamoeba. Huyu akibanwa anajifungia ndani ya ganda, klorini ya kawaida haimuui. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yanafika Tabora kwa bomba. Lile ziwa alilolifuata Speke kwa punda leo limekuja lenyewe jikoni kwetu. Tunashukuru kwa kupikia na kufulia, lakini lenzi usiziguse nayo. Unapooga zivue. Na yale ya chumvi ya nyumbani ndiyo usiseme kabisa. Miaka ya 1980 huko Marekani watu waliokuwa wakichanganya vidonge vya chumvi na maji nyumbani waliugua macho kwa mdudu huyo huyo. Mate nayo yamejaa bakteria, waachie mabubu ya watoto.

Nne, dawa ya kuoshea lenzi ni ile iliyoandikwa hivyo kwenye chupa. Weka lenzi kiganjani, isugue taratibu kwa kidole pande zote mbili, isuuze kwa dawa hiyo hiyo, ndipo uiloweke. Kila siku mwaga dawa ya jana tia mpya. Ile tabia ya kuongezea juu ili kubana matumizi ni sawa na kuongezea maji safi kwenye beseni la maji machafu. Chupa ikifunguliwa ina siku zake, soma lebo, na isikutane mdomo wake na kidole.

Tano, kikasha. Kioshe kwa dawa, kigeuze juu chini kikauke, usikiache chooni wala bafuni. Kibadilishe angalau kila baada ya miezi mitatu. Na lenzi yenyewe ina muda, ya siku ni ya siku, ya mwezi ni ya mwezi. Usiihesabie kwa bei uliyonunulia.

Sita, akina dada, lenzi kwanza, wanja baadaye. Jioni lenzi zinatoka kwanza, ndipo unafuta vipodozi. Na kuazimana lenzi, eti leo nipe zako za bluu nikupe zangu za kijivu, hapana! Hazina tofauti na kuazimana mswaki.

Saba, pima. Jicho lina umbile lake na namba yake, hata kama unataka rangi tu. Marekani tangu mwaka 2005 sheria inataka hata lenzi za urembo ziandikwe na mtaalamu. Huku kwetu tunao wataalamu wa kupima macho, wanasomea pale KCMC Moshi. Watafute hao, muuzaji wa poda muachie poda zake.

Na ya mwisho ndiyo iliyoniokoa. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, vua lenzi hapo hapo uende hospitali, ukabebe na lenzi na kikasha chako vipimwe. Usinunue matone yoyote ya dukani kwa kubahatisha, maana mengine yana steroidi, yanatuliza wekundu huku mdudu anakula ndani. Na popote uendapo beba miwani yako, ili usije ukakosa ujasiri wa kuvua lenzi kwa kuogopa kutoona njia.

Leo mimi navaa miwani. Lenzi ninazo, zile za siku moja, nilizopimiwa kihalali, nazivaa kwenye sherehe kisha natupa. Mwaka uliofuata nilirudi Tabora na miwani yangu puani. Pale dukani yule mzee akaniona tu, "Aa, Macho Manne karudi!" Nikamwamkia vizuri, nikanunua sukari yangu.

Nyumbani bibi alikuwa amekaa barazani. "Mwangaluka," nikamsalimu. Akaitikia, akanivuta karibu, akanivua miwani kwa mkono wake, akanitazama jicho la kulia kwa muda mrefu. Kisha akaipangusa miwani kwa kanga yake, akanivalisha.

"Lipo," akasema.

Haya msomaji, tukutane wiki ijayo. Nenda kanawe mikono.